Lori la Namba Z

Simama kando ya barabara ya Morogoro pale Mlandizi, uhesabu magari. Mengi yana namba inayoanza na T. Ukisubiri sana litapita moja lenye Z. T ni Tanzania Bara, Z ni Zanzibar. Nchi ni moja na shilingi ni moja, lakini gari lililosajiliwa Unguja likivuka maji kuja Dar es Salaam hupokelewa kama mgeni. Usajili wa vyombo vya moto umetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa hoja za Muungano ambazo serikali mbili hukaa kuzijadili. Nilikuwa nikizisikia redioni na kuona ni mambo ya waheshimiwa. Mwaka 2018 yakawa mambo ya nyumbani kwetu Magindu.

Magindu ni kata ya Wilaya ya Kibaha, upande wa ndani, mbali na lami. Imepitiwa na reli ya zamani, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Morogoro mwaka 1907. Reli ipo, lakini mihogo yetu haipandi treni. Na mihogo haina subira. Ukishaing'oa, siku ya pili au ya tatu inaanza kuweka michirizi ya rangi ya bluu kwa ndani, na mnunuzi wa sokoni akiivunja akaiona, bei inaanguka hapo hapo. Kwa hiyo mkulima wa kwetu hauzi kwa bei anayoitaka. Anauza kwa bei anayoitaka mwenye lori, kwa sababu lori likiondoka bila mzigo wake, mzigo umekufa.

Baba mdogo alikuwa ameendesha malori ya watu kwa miaka 11 na hesabu hiyo aliijua kutoka upande wa pili. Ndiye aliyetoa wazo. Wakaungana wanne: yeye, mzee mwenye mashine ya kusaga, mama mmoja aliyekuwa mweka hazina wa vikoba, na bibi yangu, mama yake baba mdogo. Bibi aliuza kipande cha shamba la mikorosho akatoa milioni tatu. Mimi sikuwa na hisa. Nilikuwa na diploma ya uhasibu na hakuna kazi, kwa hiyo nikapewa makaratasi.

Dar es Salaam kenta kuukuu yenye hali ya kuridhisha ilikuwa inatajwa milioni 21, 22. Dalali mmoja akatuambia Unguja zipo za 14. Tukapanda boti, baba mdogo na mimi, tukafika yadi moja nje ya mji. Lori lilikuwa jeupe, tani mbili, injini ya dizeli, limetengenezwa mwaka 1996. Kadi ilionyesha lilisajiliwa Zanzibar mwaka 2005. Baba mdogo alilala chini yake kwa nusu saa, akatoka na mchanga mgongoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Chesisi nzima. Injini inataka fundi, lakini roho ipo."

Mlangoni na kwenye ubao wa nyuma kulikuwa na maandishi ya Kijapani, yamefifia lakini yanasomeka. Nikayapiga picha kwa simu na kuiambia simu itafsiri. Mlangoni palikuwa na jina la kampuni ya usafirishaji ya Yokohama. Kwenye ubao wa nyuma paliandikwa: mzigo wa juu kabisa, kilo 2,000. Nilimwonyesha baba mdogo. Alicheka. "Hiyo ni kwa Wajapani," akasema. "Hii itabeba nne."

Sasa nieleze habari ya kulivusha, maana wengi huvutiwa na bei ya Unguja bila kujua kinachofuata. Forodha ya pande zote mbili inafuata sheria moja, ile ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Lakini thamani inayokadiriwa kule na inayokadiriwa huku mara nyingi hazifanani. Gari likiletwa Bara libaki, linathaminiwa upya, na ikionekana lililipiwa kidogo, unalipa tofauti. Wazanzibari wamelalamika miaka mingi kwamba huko ni kutozwa kodi mara mbili. Watu wa Bara wamejibu kwamba bila hivyo kila mtu angeingiza gari lake kwa kupitia Unguja. Nikiwa na risiti mkononi niliona kila upande una hoja, na kwamba anayelipia mjadala ni yule aliyebeba bahasha.

Tulifuta usajili kule, tukalipia meli ya mizigo kutoka bandari ya Malindi, tukamlipa wakala wa forodha huku, tukalipa tofauti, tukalipia usajili mpya, vibao vya namba na bima. Tofauti peke yake ilikula milioni nne na ushee. Mwisho wa yote lori la milioni 14 lilikuwa limesimama kwenye milioni 20 na laki kadhaa. Tulikuwa tumeokoa kidogo sana, na tulikuwa tumetumia wiki saba.

Katika hizo wiki saba nilipita madirisha mengi, na kila dirisha liliuliza swali lake. Gari lina thamani gani? Injini yake ina ukubwa gani? Mwenyewe ni nani, ana namba ya mlipa kodi? Namba ya chesisi inalingana na kadi? Mkaguzi wa magari alipolipitia aliangalia breki, taa, honi, mikanda, tairi na vioo. Alikuwa mtu makini, na taa moja iliyokufa alituambia tukaibadilishe turudi. Hakuna mahali hata pamoja ambapo mtu aliwasha injini, akakanyaga mafuta, akaenda kusimama nyuma ya bomba.

Lori lilipofika Magindu watoto walilikimbilia kutoka stesheni hadi nyumbani. Msimu wa kwanza ulikuwa mzuri kupita tulivyotegemea. Mihogo iling'olewa alfajiri na jioni ikawa sokoni Dar es Salaam. Mama wa vikoba aliweka daftari, na kwa mara ya kwanza nilimwona mkulima wa kijijini kwetu akimkatalia mnunuzi bei na kuondoka zake bila wasiwasi. Ufuta ulipokomaa tulibeba ufuta. Mgao wa kwanza wa faida bibi aliufunga kwenye pindo la khanga, asubuhi akaenda kulipa deni la bati.

Lakini lori lilikuwa linalala uani kwetu, kwa usalama, na baba mdogo alikuwa analiwasha saa kumi usiku. Injini ya dizeli iliyochoka haiondoki ikiwa baridi. Inangurumishwa kwanza, dakika kumi, dakika 15. Dirisha la chumba cha bibi linatazama uani. Bibi ana pumu tangu ujana wake.

Mwanzoni tulidhani ni vumbi la kiangazi. Kisha tukaona dawa yake ya kupuliza, iliyokuwa inakaa miezi miwili, inaisha kwa wiki tatu. Usiku mmoja alikohoa hadi akashindwa kusema, na tukamkimbiza kituo cha afya kwa lori hilohilo, mimi nimemshika kiti cha mbele. Alipopata nafuu aliniambia, "Mume wangu, hii hisa yangu inanikaba koo." Bibi zetu hututania hivyo wajukuu wa kiume. Nilicheka, yeye hakucheka.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Nilitaka kujua kwa nini lori la Yokohama lilifika Unguja mwaka 2005 na si mwaka mwingine.

Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alianza kampeni dhidi ya magari ya dizeli. Kwenye mikutano na waandishi wa habari alishika chupa ya plastiki yenye masizi meusi yatokanayo na moshi wa magari, akaitikisa mbele ya kamera. Kuanzia Oktoba 2003, Tokyo na majirani zake watatu, Saitama, Chiba na Kanagawa, walipiga marufuku malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza kiwango cha masizi. Gari lilipewa miaka saba tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Baada ya hapo mwenyewe alikuwa na njia tatu: afunge kifaa cha kuchuja moshi kilichoidhinishwa, anunue lori jipya, au asiingie mijini humo. Yokohama ni mji mkuu wa Kanagawa. Lori la mwaka 1996 linatimiza miaka saba mwaka 2003. Sina karatasi inayosema ndiyo sababu lori letu liliuzwa. Nina tarehe tu, na bomba la moshi lisilo na kifaa chochote.

Kulikuwa na jambo jingine. Mwaka uleule wa 1996 wagonjwa wa pumu wa Tokyo walifungua kesi. Waliishitaki serikali ya nchi, serikali ya jiji na kampuni saba zilizotengeneza magari ya dizeli, wakisema moshi wa barabarani umewaumiza. Kesi ilienda miaka 11. Agosti 2007 pande zote zilipatana: kampuni zikatoa yeni bilioni 1.2, na ukaanzishwa mpango wa kuwalipia matibabu wagonjwa wa pumu wa jiji hilo.

Nilimsimulia bibi tukiwa tunamenya mihogo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Walikuwa wagonjwa kama mimi?"

"Kama wewe, bibi."

"Wakashinda?"

"Walipatana. Wakalipiwa dawa."

Akamenya muhogo mzima kabla ya kuuliza tena. "Na magari yenyewe wakayapeleka wapi?"

Swali lake lina jibu, na jibu lina takwimu. Mwaka 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa ripoti kuhusu biashara ya magari yaliyotumika. Kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliuzwa nje na nchi zilizokuwa zimeyatumia, na yapata asilimia 40 yalikuja Afrika. Lori letu halimo hata katika hesabu hiyo, kwa kuwa ni ya magari madogo tu, na sisi tulilipata mapema.

Siwezi kuwalaumu Wajapani peke yao. Walisafisha hewa yao kwa sheria, na sisi tulilinunua lori kwa hiari, kwa furaha, baada ya kupatana bei. Bila lori la bei hiyo, mihogo ya Magindu ingeendelea kuwekewa bei na wengine. Malori mapya yenye injini safi yapo, lakini mama wa vikoba na mzee wa mashine wangefikia milioni 100 mwaka gani?

Kila nchi jirani imejibu kwa namna yake. Kenya haipokei gari la zaidi ya miaka minane. Uganda mwaka 2018 iliweka ukomo wa miaka 15. Tanzania haijaufunga mlango. Inatoza ushuru wa ziada, ambao mtaani tunauita uchakavu, na kwa magari madogo yaliyopita miaka kumi ushuru huo ni asilimia 30. Unapunguza hamu ya kununua gari kuukuu, lakini ukishaulipa, gari ni lilelile. Pesa imeingia hazina na moshi umeingia uani. Hatukosi sheria ya moshi. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007, zinazogusa hadi magari. Tangu mwaka 2015 dizeli ya Afrika Mashariki imetakiwa iwe na salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na hilo ni jambo kubwa. Aprili 2021 Shirika la Viwango lilianza kuyakagua magari yaliyotumika hapa hapa Dar es Salaam, badala ya kutegemea ukaguzi wa huko yanakotoka. Lakini gari likishapata namba, moshi wake unakuwa siri ya mwenye gari na jirani zake. Hata lililoingia likiwa safi linaweza kuchafuka hapa. Kuna watu mjini wananunua masega ya bomba la moshi kwa ajili ya madini yaliyomo. Gari linaingia gereji likiwa na masega na kutoka likiwa na bomba tupu, na mwenyewe anafurahi kwamba limekuwa jepesi.

Lori letu halikuwa na masega ya kuuza. Nilimpeleka baba mdogo kwa fundi wa nozeli Mlandizi. Fundi hakutumia mashine yoyote kulisoma. Alimwambia baba mdogo akanyage mafuta, akasimama nyuma na kuangalia. "Moshi ukiwa wa bluu, unachoma oili," akasema. "Mweupe usioisha, dizeli inatoka bila kuungua. Huu mweusi ni mafuta mengi, hewa kidogo. Nozeli zimechoka, zinamwaga badala ya kunyunyiza. Na mnabeba ngapi?" Baba mdogo akasema nne. "Basi kila mlima unakanyaga mpaka chini, na yote yanatoka huku." Akataja laki sita kwa nozeli na kupima pampu.

Laki sita tulikuwa nazo, ila zilikuwa zimetengwa kwa tairi mbili za nyuma. Kikao kikakaliwa uani. Mzee wa mashine alisema kweli yake: tairi likipasuka lori linalala, moshi haujawahi kulaza lori. Mama wa vikoba alifungua daftari akasema tani nne ndizo zinazoleta faida. Tukibeba mbili na nusu, safari moja inakuwa mbili, na dizeli pia. Baba mdogo alinyamaza, amebanwa kati ya mama yake na washirika wake.

Nilisoma nilichokuwa nacho: kwamba mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Nikasoma hesabu ya dizeli inayopotea kama moshi. Walinisikiliza kwa adabu, kama watu wanavyomsikiliza kijana aliyesoma.

Kisha bibi akasema. Hakutaja saratani wala Tokyo. Alisema, "Mimi ni mwenye lori kama ninyi. Mgao wangu wa miezi mitatu nunueni tairi. Laki sita ipeleke kwa fundi. Na lori lisiwashwe tena chini ya dirisha langu."

Nani angempinga? Nozeli zilibadilishwa. Lori likahamia uwanja wa karibu na stesheni, na mlinzi akalipwa elfu mbili kwa usiku. Kuhusu mzigo walivutana, wakafika tani tatu. Si mbili za Wajapani, si nne za baba mdogo. Mama wa vikoba aliyaandika yote kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, kila mmoja akatia sahihi, bibi dole gumba. Katika safari yote ya lori lile kutoka bandarini hadi kijijini, hiyo ndiyo sheria ya moshi pekee niliyoiona ikitekelezwa. Iliandikwa na watu wanaouvuta.

Dawa ya bibi ilirudi kukaa wiki sita, wakati mwingine saba. Haikurudi miezi miwili. Dizeli ilipungua kiasi cha mama wa vikoba kukubali, kwa shingo upande, kwamba fundi hakutuibia.

Siku hizi treni ya umeme inapita wilayani kwetu, tangu Juni 2024, kwa kasi na bila moshi. Inasimama Soga, Ruvu na Ngerengere. Bibi anaipenda kwa macho. Mihogo bado inaondoka kwa lori.

Lori letu tuliliuza mwaka huohuo. Washirika walitaka jipya zaidi, la mwaka 2008. Mnunuzi alitoka vijijini ndani ya Morogoro, mtu wa mahindi na mpunga, akalikagua kama baba mdogo alivyolikagua Unguja, hata kulala chini alilala. Mzee wa mashine alinivuta pembeni akaniambia mkataba uwe mfupi: namba, bei, sahihi. Nikaenda kumuuliza bibi, kwa kuwa naye alikuwa muuzaji.

"Andika kila kitu," akasema. "Wa kwanza hakutuandikia."

Nikaandika kwamba nozeli zilibadilishwa mwaka 2019 na zimeanza kuchoka tena, kwamba likizidishiwa mzigo linatoa moshi mweusi, kwamba maandishi ya ubao wa nyuma yanasema kilo 2,000, na kwamba lisiwashwe karibu na chumba anacholala mtu. Mnunuzi alikisoma kipengele hicho mara mbili, akauliza kama kinapunguza bei. Baba mdogo akamtazama mama yake, akapunguza laki tatu. Robo ya hizo laki tatu ilikuwa ya bibi.